Honda CG125 ya zamani: tathmini kwa anayetaka kufufua pikipiki kwa mikono yake

Mtu anayeingia katika burudani ya kufufua pikipiki za zamani mara nyingi huanza kwa kuyatamani majina makubwa: Triumph Bonneville, Norton Commando, au Honda CB750 ya mwaka 1969 yenye silinda nne. Pikipiki ninayoitathmini hapa haimo katika kundi hilo. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa chombo cha kazi. Ilibeba barua, mizigo, wanafunzi wa udereva na watu waliokuwa wakiwahi kibaruani, na wengi walioiendesha hawakujali lolote kuihusu isipokuwa kwamba asubuhi itawaka. Baada ya kuzifungua na kuzifunga kadhaa, na kuziendesha kwa raha zangu, nashikilia kwamba kwa anayetaka kujifunza kazi hii kwa mikono yake mwenyewe, na kisha kukiendesha chombo alichokifufua badala ya kukiweka sebuleni, ni chache sana zinazoishinda. Sababu zimo katika chuma chenyewe. Kasoro nazo zimo humo humo, na kubwa kati yake inatokana na sifa yake kuu: injini hii hufa pole pole mno, kiasi kwamba inaweza kuwa imechakaa vibaya ndani na bado ikawaka kwa kiki ya kwanza.

Ugumu huo haukuja kwa bahati. Kabla yake, Honda ilikuwa na pikipiki za ukubwa huo ambazo kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, ilikaa juu kabisa, ndani ya silinda hedi, ikizungushwa na cheni ndogo kutoka kwenye krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Mpangilio huo ni mzuri kwa injini inayotunzwa, lakini unataka oili safi, kwa kuwa kemshafti iliyo juu ndiyo huanza kuumia oili inapopungua au kuchafuka, na cheni yake nayo hulegea ikitaka kukazwa. Katika nchi ambako pikipiki ilikuwa punda wa familia nzima, ikibebeshwa kupita kiasi na kubadilishiwa oili pale tu mwenyewe alipokumbuka, injini hizo ziliharibika mapema. Wahandisi wakaurudia mpangilio ambao wenzao wengi walikwisha kuuona wa kizamani: kemshafti ikashushwa chini karibu na krenki, ikaendeshwa kwa gia bila cheni yoyote, na mwendo wake ukapandishwa hadi kwenye valvu kwa pushirodi mbili, yaani fito ndefu za kusukuma. Wakabana matumizi zaidi kwa kuweka nundu moja tu kwenye kemshafti, nayo ikazihudumia valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Mnyororo wa gurudumu la nyuma wakaufunika wote ndani ya kasha la bati ili vumbi na matope visiufikie.

Kwa anayefufua, maana yake ni kwamba vitu vya kuharibika ni vichache na vingi vinaonekana kwa macho. Silinda ni moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 124. Kabureta ni moja. Nyuzi za nati na boliti zote ni za kipimo cha metriki, kwa hiyo seti moja ya spana inatosha, tofauti na pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hizo ambazo hudai spana za vipimo vyao. Linganisha na hiyo CB750 ambayo kila mtu anaitamani: kabureta zake nne ni lazima zifungue hewa kwa pamoja kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja, na anayeanza anaweza kuhangaika nazo hadi akaiuza pikipiki ikiwa bado imo kwenye masanduku. Nimeona masanduku ya namna hiyo yakiuzwa mara nyingi kuliko nilivyoona CB750 zilizokamilika.

Tuanze na ununuzi, kwa sababu hapo ndipo ule ugumu wa kufa unapomdanganya mnunuzi. Usiitathmini CG kwa kuwaka kwake. Iache ipate moto, kisha uvute mafuta ghafla na kuyaachia, ukitazama ekzosi: moshi wa buluu unaotoka unapoachia una maana kwamba oili inapenya kwenye valvu, na ule unaotoka muda wote injini inapofanya kazi unaelekeza kwenye ringi na silinda. Sikiliza chini ya silinda. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka unapopandisha mlima ni dalili ya koni rodi iliyolegea, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na hiyo ni kazi ya kuigawa injini nzima vipande viwili. Kasha la mnyororo, ambalo nimelisifu hivi punde, nalo huficha uovu, kwani wapo wenye pikipiki ambao hawajaligusa tangu waliponunua, na ndani yake sproketi zimebaki na meno yaliyochongoka. Pitisha kidole chini ya kikalio cha betri, mahali ambapo tindikali iliyokuwa ikidondoka imekula rangi na pengine fremu yenyewe. Namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi kabla ya kutoa pesa. Pikipiki isiyo na karatasi halali haifai kufufuliwa hata ikitolewa bure.

Kazi yenyewe huanzia kwenye skrubu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanaoanza wengi huiumiza pikipiki ambayo miaka yote iliyopita haikuweza kuiumiza. Vifuniko vya pembeni vya injini vimefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha msalaba, za chuma, zilizozama kwenye alumini. Kadiri miaka inavyopita metali hizo mbili hushikana kwa kutu nyeupe hadi skrubu ikawa kama sehemu ya kifuniko. Anayezikabili kwa bisibisi ya msalaba ya kawaida huona ncha ikipanda na kuruka nje, na kila inaporuka inakula kona za msalaba, mpaka kinabaki kishimo cha duara kisichoshikika. Msalaba wa Japani ulikuwa na kipimo chake, na bisibisi iliyochongwa kwa kipimo hicho huzama hadi chini na kujaa. Mara nyingi skrubu hizo hutambulika kwa kinukta kidogo kilichogongwa pembeni mwa kichwa. Pata bisibisi hiyo, na ikiwezekana ile ya kugonga, ambayo kila ukiipiga kwa nyundo huzungusha ncha kidogo huku ikiisukuma ndani. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku, gonga kichwa cha skrubu moja kwa moja kabla ya kujaribu kufungua, na ikibidi pasha moto alumini iliyoizunguka. Skrubu iliyogoma huku kichwa chake kikiwa bado kizima haijashinda. Iliyoliwa kichwa itakulazimu kutoboa.

Ukishaondoa kifuniko cha upande wa klachi utakutana na kitu ninachokipenda kuliko vyote katika injini hii. CG haina chujio la oili la karatasi. Ina wavu mdogo wa chuma, na mwishoni mwa krenki ina kikombe kilichofunikwa, ambacho huzunguka pamoja na krenki. Oili inapopita humo, uchafu ulio mzito hutupwa kwenye kuta na kuganda huko, na oili iliyosafika huendelea na safari yake kwenda kwenye koni rodi. Fungua mfuniko wa kikombe hicho. Katika injini iliyotunzwa utakuta utando mwembamba wa kijivu, laini ukiusugua kati ya vidole. Katika injini iliyotelekezwa utakuta tope gumu linalong'aa kwa chembe za chuma, limejaa kiasi cha kubakiza tundu dogo katikati, na itakubidi ulikwangue kwa kijiti cha mbao ili usichubue kuta. Wengi hubadilisha oili kwa bidii, takriban lita moja tu kila mara, na hawajui kwamba kikombe hiki kipo, kwa sababu hakifikiki mpaka ufungue kifuniko kizima na kuharibu gasketi. Hiyo ndiyo lawama yangu ya kwanza kwa waliobuni: chujio zuri wamelificha mahali ambapo mtu mvivu hatafika, na pikipiki yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya mtu mvivu.

Sehemu ya juu ya injini ni darasa zuri. Hedi hutoka bila kuhangaika na cheni wala alama za kuoanisha, pushirodi huchomolewa kwa vidole, na silinda huvutika juu ikiacha pistoni wazi. Shika koni rodi uivute wima juu na chini: mchezo wowote unaouhisi katika mwelekeo huo ni ubovu, ingawa kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida. Kama silinda imechimbika, fundi wa mashine ataichonga ifuate pistoni kubwa zaidi, ambazo kwa desturi ya Honda hupanda kwa robo ya milimita, kuanzia 0.25 hadi 1.00. Peleka pistoni mpya kwa fundi kabla hajaanza kuchonga, aipime yenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye boksi si kipimo.

Baada ya kufunga huja suala la tapeti, yaani uwazi mdogo unaoachwa juu ya valvu, nalo limeua hedi nyingi bila sababu. Uwazi unaotakiwa ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, na hata ikiwa imewekwa sawasawa CG hutoa mlio mwepesi wa kutikatika, kwa kuwa pushirodi na wenzake wote ni vyuma vinavyogusana. Mwenye pikipiki asiyejua huona mlio huo ni ugonjwa, naye hukaza hadi kimya kipatikane. Kimya hicho kina maana kwamba valvu haikai tena sawasawa kwenye kiti chake injini inapopata moto, na kwa kuwa valvu ya kutolea moshi hupoza kichwa chake kwa kugusana na kiti hicho, itaungua ukingo, na mgandamizo utapotea. Mlio mwepesi na wa mfululizo uachwe ulivyo.

Kabureta haihitaji maneno mengi. Pikipiki iliyokaa miaka na petroli ndani itakuwa na utando wa kahawia kwenye bakuli, na jeti ndogo ya mwendo wa chini itakuwa imeziba. Ioshe kwa kisafishio na upulize hewa, usiitoboe kwa waya, kwani tundu lake hupanuka kwa mchubuko usioonekana. Tangi ndilo linalotaka uvumilivu. Kutu ya ndani nimeiondoa kwa uridhisho zaidi kwa kutumia umeme kuliko kwa kuzungusha misumari au mawe: tangi hujazwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kufulia, kipande cha chuma cha kawaida huning'inizwa ndani bila kugusa kuta, upande chanya wa chaja ukafungwa kwenye kipande hicho na upande hasi kwenye tangi. Kutu hulainika na kuachia huku chuma kizima kikibaki. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na cheche, kwa sababu povu linalotoka lina haidrojeni, na kipande kinachoning'inizwa kisiwe cha chuma kisichopata kutu, kwani hicho huacha sumu ya kromiamu kwenye maji. Baada ya kusuuza, tangi likauke upesi na kupakwa mafuta, la sivyo litaota kutu mpya mbele ya macho yako.

Umeme wa matoleo ya mwanzo ndio upande dhaifu wa pikipiki hii, na sitaupamba. Ni wa volti 6, na taa ya mbele iliyo katika hali nzuri kabisa bado ni hafifu kwa barabara ya giza. Matoleo ya baadaye yalipata volti 12, na pointi za kuwashia moto zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na CDI, mfumo wa kielektroniki wa kuwasha moto, ambao hauhitaji kurekebishwa. Kwenye zile za pointi, uwazi uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, na kondensa ibadilishwe bila mjadala. Faraja iliyopo ni kwamba waya ni wachache na Honda ilishika desturi moja ya rangi: kijani ni ardhi, nyekundu hutoka betri, na nyeusi hupata umeme swichi inapofunguliwa. Nusu ya maradhi ya umeme ya pikipiki za umri huu huisha kwa kusugua kwa msasa mahali waya wa kijani unapofungwa kwenye fremu, kabla ya kununua kifaa chochote.

Spea ndizo zinazoipandisha CG juu ya karibu pikipiki nyingine zote za zamani, na ndizo pia zinazotaka macho makali. Uzalishaji ulihama kutoka Japani kwenda Brazili na baadaye Uturuki, Pakistani bado wanaiunda kwa umbo ambalo mwendeshaji wa zamani angelitambua, na viwanda vingi vya China vilinakili injini ile ya pushirodi kwa ajili ya pikipiki zao wenyewe. Kwa hiyo gasketi, ringi, klachi, koni rodi na valvu zinapatikana kwa urahisi ambao mwenye BSA Bantam, pikipiki ndogo ya zamani ya Uingereza, hawezi kuuota. Tatizo ni kwamba kunakili si kufanana. Muuzaji mmoja aliniletea pistoni iliyoandikwa kipimo kimoja, na mikromita ikasema kingine. Vifaa vingine huingia vizuri lakini vimetengenezwa kwa chuma laini. Kanuni ninayoifuata ni kukubali nakala kwenye gasketi, mipira na nyaya za breki, na kuikataa kwenye kila kinachozunguka kwa kasi. Beringi hazina shida, kwa kuwa namba iliyochongwa pembeni yake ni ya kimataifa, na unaweza kununua ya kampuni yoyote yenye jina kwenye duka la beringi badala ya duka la pikipiki, mara nyingi ikiwa bora zaidi.

Kuhusu rangi na kromu, nitasema machache, kwa kuwa hapo kila mtu ana dini yake. Rangi ya kiwandani iliyofifia lakini ikabaki nzima ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa kupita ilivyong'aa siku inatoka kiwandani, kwa kuwa ile ya kiwandani ikishaondolewa hairudi. Ekzosi iliyooza itabadilishwa tu. Rimu zenye vidoa vya kutu husafishika kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, ila pale kromu ilipokwisha banduka hakuna ujanja isipokuwa kupeleka kiwandani au kununua nyingine.

Na sasa barabarani, ambako kazi yote hulipwa. Injini hutoa takriban nguvu za farasi 11 na pikipiki nzima ina uzito wa karibu kilo 100, hivyo inafurahisha kwa wepesi wake kuliko kwa kasi. Huondoka bila kusitasita, hugeuka unapoitazamisha, na mwendo wa kilomita 70 kwa saa ndio inaouimba vizuri. Ukiilazimisha kwenda kasi zaidi ya 90 itakwenda, lakini mtetemo utakuingia viganjani na kwenye nyayo, na utaanza kujiuliza ulizikaza nati zote au la. Petroli haili. Kuna gia nne au tano, kutegemea toleo, na zile za nne huacha pengo linalosikika mlimani. Breki za matoleo ya zamani ni za ngoma mbele na nyuma, za kutosha kwa mwendo wake endapo brekishu zimekaa vizuri, lakini anayetoka kwenye pikipiki ya kisasa yenye diski inabidi ajifunze upya kukadiria umbali. Unapofungua ngoma hizo kwa mara ya kwanza usipulize vumbi lake. Brekishu za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, hivyo lowesha na ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Pikipiki hii haimfai anayetafuta mngurumo, wala anayehesabu kwamba ataiuza kwa faida, maana gharama ya kuifufua vizuri huweza kuzidi thamani yake sokoni. Haimfai pia anayetaka kuzungukwa na watu kila anapoegesha. CG iliyofufuliwa kwa ustadi wote huonekana machoni pa wengi kuwa pikipiki ya kawaida iliyooshwa.

Aliyeamua, na akajikuta mbele ya mbili, moja inayowaka lakini imepungukiwa vifuniko vya plastiki vya pembeni, kasha la mnyororo na taa zake za asili, na nyingine iliyokufa injini lakini imekamilika hadi nembo za tangi, achukue iliyokufa. Kila kilichomo ndani ya injini hiyo bado kinatengenezwa na kitapatikana kwa wiki moja. Kifuniko cha pembeni cha mwaka na rangi inayotakiwa, chenye vishikizo vyake vyote vitatu bila ufa, huweza kukuweka ukingoja, pikipiki ikiwa imekamilika kila kitu isipokuwa hicho, na nakala zinazouzwa za kipande hicho ndizo mbaya kuliko zote: plastiki yake ni nyembamba na matundu hayakutani na fremu.